Kadi ya tatu inapoteremka

Chukua ukurasa wa nyumba ya wageni ya Paje: kadi tatu za matembezi kwenye safu moja, yaani Jozani, Changuu na mashamba ya viungo ya Kizimbani. Safu ina upana wa pikseli 960 na kila kadi imepewa theluthi, 320. Ndani mna padingi (nafasi kati ya yaliyomo na ukingo) ya 16 kila upande, na boda (mstari wa ukingo) ya 1. Ukifungua ukurasa, Kizimbani imeteremka mstari wa pili peke yake.

Piga hesabu. CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, isipoambiwa kitu hutumia `content-box`: `width` hupima yaliyomo tu, kisha padingi na boda huongezwa. 320 + 32 + 2 ni 354, mara tatu 1062. Hazienei.

Dawa huwekwa mwanzo wa faili:

```
*, *::before, *::after {
  box-sizing: border-box;
}
```

Sasa 320 ni boda hadi boda, na yaliyomo yanabakiwa na 286. Pambizo (nafasi nje ya boda) haimo katika hesabu hiyo, wala `gap` (nafasi kati ya kadi na kadi). Ukiweka `gap` ya 16 kwenye flex (mpangilio wa safu) yenye `wrap`, yaani inayoruhusu kushuka mstari wa pili, kadi itateremka tena mpaka uandike `calc((100% - 32px) / 3)`.

Tovuti kongwe usiibandike dawa hii halafu ukaenda kulala. Kisanduku cha 300 chenye padingi ya 20 kilikuwa 340; kitarudi 300, na maandishi yatabanana.

Kwenye gridi (mpangilio wa seli za safu na safuwima) mambo ni mengine, na hapa wengi huilaumu `box-sizing` bure. `fr`, kipimo cha fungu la nafasi iliyopo, huondoa `gap` kwanza ndipo igawe, na kadi isiyopewa upana hujaza seli yake bila kuzidi. Balaa huanza ukiiandikia `width: 100%` chini ya `content-box`: inatoka nje kwa 34. Au ndani mna picha ya pwani yenye upana wa 1200. `1fr` maana yake ni `minmax(auto, 1fr)`, hivyo safuwima haikubali kuwa nyembamba kuliko picha, na `border-box` haifui dafu. Andika `repeat(3, minmax(0, 1fr))`, na picha uipe `max-width: 100%; height: auto`.

Fomu ya kuweka nafasi nayo ina yake. Vivinjari huipa `button` `border-box` tangu mwanzo, ilhali `input` ya maandishi hubaki `content-box`. Zote zikiwa 100%, sehemu ya jina yenye padingi ya 12 na boda ya 1 huchomoza 26 kupita kitufe, na kwenye simu ya 360 ukurasa mzima huanza kuteleza kushoto na kulia.