Heshouwu: hatimaye imeiva hadi kiini

Imekubali! Jana usiku nimekata kipande kinene kuliko vyote cha heshouwu, mzizi wa dawa ya Kichina ya nywele: kahawia iliyokoza mpaka katikati, kinang'aa kama sukari guru. Ule uwaridi wa kiini haupo.

Tangu ninunue mizizi soko la Qingping hapa Guangzhou kilio changu kimekuwa kilekile, nje nyeusi, ndani mbichi. Na ubichi si suala la sura. Mzizi mbichi wa heshouwu unaharisha. Unaosifiwa kurudisha nywele ni uliopikwa kwa maji ya soya nyeusi. Wachina wanasema nywele ni ziada ya damu, na nguvu ya figo huonekana kichwani.

Vipimo vya Famakopia ya China, kitabu rasmi cha dawa, nimevifuata: kilo 10 za soya kwa kilo 100 za mizizi, nikagawa kwa mia. Kiini kikagoma. Kwenye chujio la mvuke maji ya soya yanadondoka chini kabla mzizi haujayanywa. Dawa yake: loweka usiku kucha, kisha mzizi na maji yake vyote ndani ya bakuli la kauri lenye kifuniko, bakuli ndani ya sufuria inayochemka, mpaka maji yakauke yenyewe. Basi.

Wanaoshauri karai la chuma waniache. Linatoa weusi haraka kwa sababu tanini ikikutana na chuma inageuka wino. Hiyo ni rangi, si kuiva. Wazee wa kale walikata mzizi huu kwa kisu cha mwanzi, hawakuwa wajinga. Na ile njia ya jadi ya "mvuke mara tisa, jua mara tisa" ijaribu Aprili hapa uone mizizi inavyoota ukungu! Kikaushio cha umeme, tena kile cha bei rahisi, kinatosha kabisa.

Sinywi, msiniulize. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya China ilionya kuhusu madhara ya ini, na hata uliopikwa umo. Kupika kunapunguza hatari, hakuiondoi.

Nilipanga sasa kusaga vidonge vya Qibao Meiran, fomula ya jadi ya nywele yenye heshouwu. Nimeacha. Nimeona cebaiye mbichi, majani ya mti ule wa jamii ya mberoshi, na mkono umeshawasha: yataloweshwa kwenye pombe kali, ya kupaka kiparani tu. Tangawizi siweki, hata kama kila muuzaji anaisifu. Utafiti wa 2013 ulionyesha kemikali yake, jinjeroli-6, inazuia nywele za panya kukua.