Kuku amenyonyoka manyoya: funua ngozi kabla ya kununua dawa

Manyoya yakizagaa bandani, wengi hukimbilia dawa ya utitiri. Mkamate kuku kwanza, ufunue pale palipobaki wazi. Ukiona ngozi safi na vijiti vya manyoya mapya vinachomoza, kila kimoja ndani ya ala yake, kuku anabadilisha manyoya tu. Mashina yakiwa yamevunjika, au ngozi ni nyekundu yenye magamba, kuna jambo jingine.

Mabadiliko makubwa ya kwanza huja kuku akikaribia miezi 18, kisha takriban kila mwaka. Huanzia kichwani na shingoni, yakashuka kifuani na mgongoni, mbawa na mkia vikafuata. Kwa kawaida huchukua wiki 8 hadi 12, na kutaga hupungua au hukoma kabisa.

Hapo ndipo wafugaji wengi huharibu: hatagi, basi apunguziwe chakula. Nyoya ni protini kwa karibu asilimia 85, na chakula cha kuku wa mayai mara nyingi huwa na asilimia 16 tu. Mpe chenye 18 hadi 20 mpaka manyoya yakamilike. Unga wa samaki au soya iliyokaangwa husaidia kufika hapo. Soya mbichi usimpe, humzuia kusaga protini. Mahindi ya kumtupia nayo yapunguze, kwa sababu yanamshibisha bila kumjenga. Chokaa ya mifugo au maganda ya kombe yaweke chombo cha pembeni, anayetaga ajichukulie.

Vijiti vipya vina damu ndani na vinauma vikibanwa, kwa hiyo usimshikeshike bila sababu. Kikikatika, bana kwa kitambaa safi na umtenge mpaka damu ikauke. Wenzake wakiiona damu watamdonoa hapo hapo.

Kipara cha mgongoni na kisogoni kwa mtetea ni kazi ya jogoo anapompanda. Jogoo mmoja atoshe matetea 8 hadi 10. Anayeatamia hujinyonyoa kifua, mwache. Pembeni mwa tundu la haja tafuta chawa: mayai yao hushikana kwa mafungu meupe kwenye vitako vya manyoya. Utitiri mwekundu, kwa upande wake, hujificha mchana kwenye nyufa na hunyonya damu usiku, hivyo pitisha tochi chini ya vichanja giza likiingia. Kumpaka kuku dawa huku vichanja vimeachwa ni kutwanga maji. Tumia dawa iliyoandikwa kuwa ni ya kuku, soma muda wa kutokula mayai, na kama ni chawa rudia baada ya siku 7 hadi 10, maana mayai yao huwa hayakufa.

Mkia ukiwa umeliwa kwenye shina, wanadonoana. Wape nafasi, ongeza vyombo vya chakula na maji, kisha msake mdonoaji. Mara nyingi ni yule ambaye manyoya yake yote yako salama.