Mahindi ya chakula cha shule
Wazazi mnaoanzisha chakula cha mchana shuleni: kusanyeni wakati wa mavuno, si Januari ghala zikiwa tupu na bei iko juu. Hesabu iwe kwa mtoto, si kwa kaya. Gramu 100 za mahindi kwa siku 194 za masomo ni kilo 19 na ushee, karibu debe. Maharage gramu 30, kama kilo 6. Kinachoua mpango mara nyingi ni unyevu. Tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yarudi juani, hata kama ni ya mwenyekiti! Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, haiondoki kwa kupika. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.