Maji Yatokayo Juu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii limenijia kwenye kamba ya nguo. Tumepanga hapa Gangilonga, Iringa, ghorofa ya kwanza, na juu yetu inaishi familia nyingine. Mnaoujua Juni wa Iringa mnajua upepo wake, na jua lake la kuchungulia tu. Sweta hukaa kambani siku mbili. Nilikuwa nimeanika sare za watoto na mashuka. Saa nne asubuhi maji ya deki yakashuka kutoka roshani ya juu, meusi, yamechanganyika na maganda ya viazi. Ilikuwa wiki ya tatu mfululizo. Na ndani, dari ya bafu letu ilikuwa imeota doa la njano linalokua kila siku.

Nilinyamaza. Nikajiambia huu ni uvumilivu, tunda la Roho. Tukikutana kwenye ngazi nasema "Kamwene," naitikiwa "Kamwene," kisha naingia ndani na kubamiza mlango. Siku moja nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji kwamba kuna watu hawajui kuishi na wenzao. Sikutaja jina, lakini kila mtu alijua. Wazee wanasema Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Mimi niliyepewa mdomo nilikuwa nimeshindwa kuongea na mtu anayelala mita tatu juu ya kitanda changu.

Walawi 19:17 ndiyo iliyonivunja. Mstari unaokataza kumchukia ndugu moyoni ndio huohuo unaoagiza kumkemea jirani. Mungu ameviweka pamoja kwa sababu anatujua: kisichosemwa hakipotei, kinaoza. Na Bwana Yesu katika Mathayo 18:15 anasema, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Anayeambiwa aende ni yule aliyekosewa. Hilo lilinichoma, maana nilikuwa nasubiri wao washuke.

Halafu nikakumbuka Marko 2. Nimehubiriwa habari ya yule mwenye kupooza tangu Shule ya Jumapili, na siku zote nilisimama upande wa wale wanne waliopanda juu ya nyumba na kuitoboa dari wamshushe mbele ya Yesu. Safari hii nilikaa chini, na waliokuwa ndani. Dari za nyumba za kule zilikuwa boriti, matawi na udongo. Wanne wakiitoboa, udongo ule unaangukia wapi? Kichwani mwa watu, kwenye mavazi, na Bwana mwenyewe yumo humo, anafundisha. Vumbi linashuka juu yake. Akatazama juu, na Marko anaandika kwamba aliiona imani yao. Tundu nalo lilikuwapo, na bila shaka kuna mtu alilazimika kuliziba, lakini macho ya Bwana yalitangulia kwa watu.

Jumamosi jioni nikapanda. Nguo zilizochafuka niliziacha nyumbani, nisionekane nimebeba ushahidi. Nilikuta mama aliyejifungua wiki tano zilizopita, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Deki anapiga mdogo wake, binti aliyetoka kijijini, na kwao maji ya deki husukumwa yakatoka mlangoni hadi uani. Hakuna aliyemwambia kwamba uani kwake ni kambani kwangu. Nilipomaliza kueleza, yule mama akasema, "Jamani mama, mbona siku zote hukusema?" Sikuwa na jibu.

Akashuka kuliona doa, akaziba mdomo kwa mkono. Naye ni mpangaji kama mimi. Fundi bomba alipokuja alitueleza kwamba maji husafiri ndani ya zege mpaka yapate ufa, hivyo doa laweza kutokea mbali na panapovuja. Kwetu ni kiungo cha bomba chini ya sakafu ya bafu lao. Kwa hiyo wiki zote zile nilimkasirikia mtu kwa bomba ambalo hajawahi kuliona.

Ninyi mnaokaa juu, someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Ajengaye nyumba anaagizwa kuweka ukuta kandokando ya dari, yaani paa, mtu asianguke. Kukaa juu kuna wajibu wake mbele za Mungu. Na kama umepanda ngazi ukafungiwa mlango, mstari wa 16 wa Mathayo 18 unaruhusu kurudi na mtu mmoja au wawili. Kwetu anaweza kuwa mjumbe, au mwenyekiti wa mtaa. Si dhambi.

Fundi atavunja vigae Jumatano. Mwenye nyumba bado hajasema atatoa kiasi gani, na mtoto wa juu ana kikohozi cha baridi hii. Siku hiyo watakuja kuoga kwetu. Tuombeeni.