Mjusi wa kwetu niliyemkuta Berlin

Siku tano za mwanzo Berlin, nyumbani kwa dada yangu, sina la kuzisimulia zaidi ya baridi na chupa ya maji iliyonitoa euro tatu na nusu pale stesheni, fedha ambayo Lindi napata katoni nzima. Siku ya sita ndiyo iliyonifanya niandike.

Binti wa dada yangu, Rehema, ana miaka tisa na amezaliwa hukohuko. Aling'ang'ania atupeleke Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe, "mkamwone dinosaria wetu." Mwanangu Hamisi, wa miaka saba, usiku kucha hakulala.

Tulipoingia tu ukumbini, Hamisi akanishika suruali. Mjusi yule amesimama mita 13.27 kwenda juu, na duniani kote hakuna mifupa ya dinosaria iliyounganishwa ikasimamishwa inayomzidi kimo.

"Anakula watu?"

"Majani tu," Rehema akamjibu. Amekwenda pale na shule mara kadhaa, basi akatueleza kila kitu: kwamba kichwa kile cha juu ni nakala, cha asili kimewekwa chini ili watu wakione. Mimi nilibaki kwenye mfupa wa mkono wa mbele, mfupa mmoja unaopita mita mbili, wa rangi ya kahawia, una nyufa nyembamba kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Pembeni, kwenye maelezo, nikaona neno: Tendaguru.

"Rehema, huyu ametoka kwetu. Lindi, kwa bibi yako."

"Hapana, mjomba. Huyu ni wa Berlin."

Nikamwonyesha kwa kidole. Akasoma kwa sauti, polepole, Tendaguru, kisha Tansania. Akanyamaza.

Tukakaa, nikawasimulia. Wajerumani ndio waliokuwa wakitutawala, na Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu, watu wa kusini wamekufa kwa risasi na kwa njaa. Kuanzia 1909 hadi 1913 mamia ya watu wetu wakachimba kilima kile cha Tendaguru, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa, wapagazi wakajitwika, wakatembea kama siku nne hadi bandarini Lindi. Ilipakiwa melini zaidi ya tani 200.

"Kwa nini hawakupanda gari?" Hamisi akauliza. Gari lipi, mwanangu? Njia za huko nazijua. Masika pikipiki inazama kwenye tope hadi kwenye ekseli, nami nimewahi kushuka nikasukuma, begani nina mkoba wa nguo tu. Wale walibeba mawe, maana mfupa wa miaka milioni 150 umeshakuwa jiwe. Mikubwa waliifunga kwenye miti, wakaibeba wengi kwa pamoja, jua la Lindi likiwa utosini.

Kwetu mjusi huyu tunamsikia Bungeni, wabunge wanapouliza atarudi lini au taifa linapata nini. Nami nataka arudi. Kupata viza ya kwenda kumwona kulinigharimu miezi ya kuhangaika na makaratasi, na fedha ya ada hairudi hata ukikataliwa. Watoto wa Mipingo na Matapwa wanaoishi jirani na kilima chenyewe watazipata wapi? Ukumbini mle kulijaa watoto wa shule, wamelala chali sakafuni wanamchora. Niliwatazama kwa muda mrefu.

Kwenye treni Rehema hakusema kitu. Tulipofika alipitiliza moja kwa moja jikoni, koti likiwa bado mwilini.

"Mama, mbona hukuniambia kwamba ni wa kwenu?"

Dada aliyesoma Lindi kuanzia darasa la kwanza hadi la saba aliweka kisu juu ya vitunguu, akanitazama mimi badala ya mtoto.

"Na mimi aliniambia nani?"