Kichwa cha Jumatano

Juzi binti yangu alikuwa anatafuta chenji kwenye pochi yangu, akaniuliza, "Mama, siku hizi hubebi Panadol?" Nikamwambia achukue hiyo mia tano aende zake dukani. Ila na mimi nikajiuliza: tangu lini?

Enzi hizo bado nipo soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kule Mwanza, nauza dagaa. Kichwa kilianzia shingoni, kikapanda kisogoni, kikazunguka hadi kwenye paji kama mtu kanifunga kanga kwa hasira. Hakikuwa cha kugonga, kilikuwa cha kubana. Na kwetu kichwa kikiuma ni malaria, hakuna mjadala. Nikapima, hakuna. Taifodi, hakuna. Presha, sawa. Macho, sawa. Kaka wa duka la dawa alikuwa akiniona tu tayari anakata vidonge.

Mwisho nikaenda zahanati moja, nikakuta daktari mtu mzima.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mayu. Kinauma wapi?"

Hakunitoa damu. Alizunguka meza, akasimama nyuma yangu, akabonyeza kwa vidole gumba pale shingo inapokutana na bega. Niliruka. Akabonyeza tena chini ya kisogo, maumivu yakaenda moja kwa moja hadi nyuma ya macho.

"Kinauma siku zote sawasawa?"

Nikafikiri. Kinazidi kuanzia Jumanne jioni. Jumatano ndiyo balaa.

"Jumatano kuna nini?"

Nikanyamaza. Chumba cha pili mtoto alikuwa analia sindano. Daktari akangoja, kalamu mkononi, wala hakuonekana kuwa na haraka.

"Marejesho," nikasema.

"Mkopo wa kausha damu?"

Nikaangalia viatu vyangu. Mkopo wenyewe ulikuwa wa kikundi: siku ya marejesho hatoki mtu mpaka hesabu itimie. Na dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala. Mkopo haujui mbalamwezi. Masika nayo dagaa hawakauki, unawauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Akanieleza kwamba mtu mwenye mawazo hukaza shingo na mabega bila kujua, hata usingizini, na misuli hiyo ndiyo inayokibana kichwa. Kisha akauliza vidonge nameza mara ngapi. Nikamwambia, kila siku. Akatikisa kichwa: dawa za maumivu ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikapita miezi 3, zenyewe zinaweza kuanza kukuletea kichwa. Akasema niviache.

Niliacha. Mwanzoni kilinipiga hadi nikamlaani yule mzee. Baadaye kikalegea, sijui hata lini.

Mume wangu anasema ni kwa sababu deni liliisha. Lakini deni liliisha kichwa kikiwa kimeshatulia, kwa hiyo hesabu yake haikai. Shangazi anasema ni maombi, na yeye huwa habishiwi. Mimi ningesema ni kuacha vidonge, ila mbona hadi leo nikisikia neno "kikundi" mabega yanapanda yenyewe?

Siku ile, nilipokuwa nainuka, daktari aliniambia nipunguze mawazo.

"Yanapunguzwaje, daktari, na Jumatano ni keshokutwa?"

Akageuka kuangalia kalenda ukutani, akaiangalia kweli, halafu akaniambia, "Basi rudi Alhamisi."