Walinzi wa Mkuyu: pambano la shimoni limeanza kutembea

Onyesho gumu kuliko yote katika kipindi cha kwanza cha katuni yangu sasa linatazamika. Wanyama wadogo wa msituni wanaulinda mkuyu wao dhidi ya kundi la fisi, na nimeshikilia sharti moja: hakuna atakayeshika upanga wala ngao. Kila mmoja atapigana kwa mwili alioumbwa nao.

Nyegere ndiye amenila muda mwingi. Ngozi yake ni nene na imelegea, kiasi kwamba hata akikamatwa anaweza kujigeuza ndani yake na kumng'ata aliyemshika. Basi fisi anamdaka shingoni kwenye mdomo wa shimo. Ngozi inavutika, fisi anaamini amemaliza kazi, kumbe bega la nyegere limeshaanza kuzunguka huku ukosi ungali kinywani mwake. Katika Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, nimechora ngozi na mwili kwenye tabaka mbili tofauti: mwili unatangulia, ngozi inafuata baada ya fremu (picha moja moja za filamu) chache. Sehemu kubwa ya katuni natumia michoro 12 kwa sekunde, kila mmoja ukikaa fremu mbili, lakini mgeuko huu nimeupa 24 kamili. Pungufu ya hapo, ule wepesi wake unapotea.

Komba anaruka wima zaidi ya mita 2, kwa hiyo yeye ni wa matawini. Kalunguyeye anajikunja tu, na inatosha.

Uchawi wa hadithi nao nimeutoa kwenye mti wenyewe. Mkuyu hutegemea nyigu wadogo mno wanaoingia ndani ya tunda kutaga mayai, na humo humo wanachavusha maua yaliyofichika. Kwangu hao nyigu ni roho za mti. Fisi mchawi hana haja ya shoka. Akiwafukizia moshi, mkuyu hautazaa tena mbegu. Napenda sana hatari ya namna hii, kwa sababu hata mtoto ataona kwa nini kiumbe asiyeonekana vizuri anastahili kupiganiwa.

Kilichobaki ni sauti. Kile "kicheko" cha fisi madoa mara nyingi hutoka akiwa ameshambuliwa au amebanwa, si kwa furaha. Kwa hiyo fisi wangu watakuwa kimya wanaponyemelea, na kicheko cha kwanza kitasikika pale meno ya nyegere yanapofika. Michoro ya mdomo kwa sekunde hizo naanza nayo sasa.